Mwongozo kamili wa siku moja ya wawili Savannah: gari liegeshwe mara moja, miguu ifanye kazi iliyobaki

Kila baada ya wikendi ndefu hunifikia malalamiko yale yale kutoka kwa wanandoa wenzetu wanaoishi kusini mwa Marekani. Walikwenda Savannah kwa siku moja, wakazunguka saa nzima wakitafuta pa kuegesha, wakala walichokikuta badala ya walichokitaka, mmoja akaumia miguu, na wakarudi nyumbani wamenuniana. Nimeyasikia mara nyingi mno kuweza kuamini kwamba kosa ni la mji. Kosa ni la mpangilio, na mpangilio unarekebishika.

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaoingia Savannah, jimbo la Georgia, asubuhi na kuondoka usiku. Historia ya mji nimeiacha karibu yote, kwa kuwa vibao na waongoza wageni wapo tele na watawasimulia kwa ufasaha kuliko mimi. Nilichokilenga ni namna ya kuifikia hiyo historia mkiwa bado mna nguvu na bado mnazungumza.

Jambo moja kuhusu saa kabla hatujaanza. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa tatu asubuhi ndiyo ile ambayo simu yako huiandika 9:00, na saa tano ndiyo 11:00. Nasisitiza kwa sababu mwaka fulani nilimwambia mke wangu kwamba ziara tuliyoilipia huanza saa tano, naye, akiwa na simu mkononi na akili ikifikiri kwa Kiingereza, akapanga siku nzima kwa kuamini kwamba ni 5:00 jioni. Tulifika mlangoni tiketi zikiwa zimekwisha kufa. Mkiwekeana miadi, andikeni kwa tarakimu za simu.

## Vitu mnavyohitaji

- Raba au viatu bapa vilivyokwisha kuuzoea mguu. Viatu vipya na viatu vya kisigino kirefu viacheni nyumbani. Sababu mtaiona katika hatua ya 5.
- Kandambili za kila mmoja, zikae chini ya kiti cha gari.
- Chupa mbili za maji za kujaza tena. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Savannah huwa na unyevunyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari, na mtu hutoka jasho hata akiwa amesimama kivulini.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu. Usubi wa kwenye mabwawa ya chumvi ni wadogo kiasi cha kutoonekana, lakini kuuma wanajua.
- Mwavuli mdogo, kwa kuwa mvua za radi za alasiri wakati wa kiangazi hazibishi hodi.
- Simu yenye chaji pamoja na pawabenki, na programu ya kulipia maegesho ya mji iwe imepakuliwa na kadi imesajiliwa tangu nyumbani.
- Tiketi ya kitu kimoja chenye saa maalumu. Nasema kimoja, na nitaeleza kwa nini.

## Hatua ya 1: Chagueni siku kabla ya kuchagua mahali

Siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi, mkiweza kuomba ruhusa kazini. Jumamosi inakubalika iwapo mtafika kabla ya saa tatu asubuhi. Jumapili ina faida yake, kwani mita za maegesho ya barabarani kwa kawaida hazilipishwi, lakini makanisa huwa kwenye ibada na baadhi ya nyumba za kumbukumbu hufungua kwa kuchelewa.

Kwa miezi, Machi na Aprili ndiyo wakati ambapo maua ya azalea huchanua na hewa bado inavumilika, na Oktoba hadi Novemba ni nzuri pia. Julai na Agosti si marufuku, ila mjue kwamba kati ya saa saba na saa kumi mtakuwa mkitafuta kivuli zaidi ya kutafuta mandhari.

Onyo: Msije karibu na tarehe 17 Machi bila kukusudia. Gwaride la Mtakatifu Patrick la Savannah ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini Marekani. Barabara hufungwa, na watu wawili waliotaka siku ya utulivu hujikuta ndani ya umati uliovaa kijani na wenye vikombe mkononi. Angalieni pia utabiri wa vimbunga iwapo safari inaangukia kati ya Juni na Novemba.

## Hatua ya 2: Pimeni umbali kwa ukweli

Kutoka Jacksonville ni takriban maili 140 kwa barabara kuu ya I-95, yaani saa mbili hivi. Kutoka Charleston ni saa mbili pia. Kutoka Columbia ni saa mbili na nusu. Huku kote, safari ya siku moja ni jambo la kawaida.

Atlanta ndiyo yenye utata, na wengi wa wanaoniandikia wanaishi huko. Ni takriban maili 250, saa nne njia ikiwa nyeupe: mnashuka na I-75 hadi Macon, kisha mnashika I-16 kuelekea mashariki mpaka inapokwisha. Kwenda na kurudi ni saa nane za usukani kabla hamjatembea hata hatua moja. Inawezekana kwa sharti mbili: mwondoke saa kumi na moja alfajiri, na wote wawili muwe madereva. Likikosekana moja kati ya hayo, tafuteni chumba cha kulala na muiite safari ya siku mbili, maana hiyo si aibu.

I-16 nayo ina tabia yake. Ni barabara iliyonyooka katikati ya misonobari kwa zaidi ya maili 160, na unyoofu wake hulaza madereva. Jazeni mafuta Macon, na mpokezane usukani njiani hata kama aliyeshika anaapa kwamba hajachoka.

Dalili ya kufaulu: saa tatu asubuhi, au mapema zaidi, mko ndani ya mji.

## Hatua ya 3: Kateni tiketi ya jambo moja tu

Wengi huharibu siku hapa, na huiharibu wakiwa bado nyumbani. Wananunua ziara ya gari la wageni ya saa nne, nyumba ya kumbukumbu ya saa sita, mashua ya saa nane na matembezi ya usiku ya mizimu. Siku inakuwa ratiba ya hospitali. Mkichelewa moja, zote zinaanguka kama vigae.

Pendekezo langu kwa hiyo tiketi moja ni ziara ya ndani ya First African Baptist Church, iliyoko Franklin Square. Jengo lilikamilika mwaka 1859 na lilijengwa na watu waliokuwa watumwa, usiku, baada ya kazi za mchana. Katika ukumbi wa chini mtaonyeshwa matundu yaliyotobolewa sakafuni kwa mpangilio maalumu. Mapokeo ya kanisa yanasema yalikuwa ya kupitisha hewa kwa watoro wa utumwa waliofichwa chini. Huwezi kuyaona haya kwa kupita nje, na ndiyo maana kanisa hili linastahili tiketi kuliko nyumba nyingi za matajiri ambazo uzuri wake wote uko barabarani, bure.

Saa za ziara hubadilika, hivyo zisomeni kwenye tovuti ya kanisa wiki ile ile mnayokwenda, na mchague ile inayoangukia karibu na saa tano asubuhi. Mpango ufuatao umejengwa juu ya saa hiyo.

## Hatua ya 4: Egesheni mara moja, na msilisogeze gari tena

Hatua hii isomeni mara mbili, kwa kuwa yaliyobaki yote yanaisimamia.

Sehemu ya kale ya Savannah imepangwa kwa viwanja vidogo vya bustani vilivyopandwa miti. Viwanja 24 vilipangwa, na 22 vimebaki hadi leo. Kwa mtembea kwa miguu hii ni neema: unakata kiwanja katikati, unavuka barabara moja, unaingia kivuli kingine. Kwa dereva ni adhabu, kwa sababu kila kiwanja ni mzunguko. Magari hukizunguka kinyume cha mwendo wa saa, aliyeko ndani ya mzunguko ana haki ya kupita kwanza, na mgeni asiyelijua hilo husimama, hupigiwa honi, hukosa njia, na hujikuta amerudi alikotoka.

Fanyeni hivi:

1. Fuateni I-16 mpaka mwisho wake, itawatoa Montgomery Street, ndani kabisa ya mji.
2. Nendeni moja kwa moja kwenye jengo la maegesho, wala msijaribu bahati barabarani. Chaguo langu ni Whitaker Street Garage, ambalo liko chini ya ardhi, chini ya Ellis Square. Kiwanja hicho kina kisa ambacho nitakitaja kwa sentensi moja: soko lake lilibomolewa mwaka 1954 ili kujengwa ghorofa la kuegesha magari, na ghorofa hilo nalo likaja kubomolewa, magari yakazikwa chini na bustani ikarudi juu. Likijaa, yapo majengo mengine ya maegesho ya mji ndani ya dakika chache za mwendo.
3. Pigeni picha ya namba ya ghorofa na ya mlango mliotokea. Chini ya ardhi simu haitawaelekeza.
4. Tiketi ya maegesho ikae kwenye pochi, si kwenye dashibodi.

Sababu ya kulipia jengo badala ya mita ni kwamba mita ina muda, na muda huo hugeuka kamba shingoni. Mara ya kwanza tulipokwenda tuliegesha kwenye mita ya saa mbili, na nikawa naitazama saa kila tunapokaa. Tulikuwa tumesimama chini ya mwaloni mkubwa, nami nimekwisha kugeuka kurudi garini kwa mara ya pili, mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, tumekuja kuona mji au kuona mita?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo hatujaegesha barabarani.

Onyo: Mkilazimika kuegesha barabarani, hasa upande wa kusini kwenye nyumba za watu, someni kibao cha usafishaji wa barabara. Kila mtaa una siku na saa yake ambapo gari halitakiwi kuwapo, na faini hutolewa bila huruma hata kama mita imelipwa.

Dalili ya kufaulu: ufunguo wa gari uko chini ya mkoba na hamtauhitaji mpaka usiku.

## Hatua ya 5: Shukeni mtoni asubuhi

Desturi ya wageni ni kuanza na bustani na kumalizia mtoni. Mimi nawashauri muuanze mto, kwa sababu asubuhi River Street ni tulivu, maduka ndiyo yanafungua, na jua bado halijayachoma mawe. Kuanzia saa sita mchana panageuka Kariakoo.

Mji uko juu ya ukingo mrefu na mto uko chini yake, hivyo lazima mshuke kutoka Bay Street. Kuna ngazi za mawe za zamani, ambazo ni nyembamba, zimesimama wima, na vidato vyake havilingani. Vibao vyenyewe vinaonya kwamba anayezitumia amejitakia. Kuna pia miteremko iliyotandazwa mawe ya farumi, yaani yale mawe ya uzito ambayo meli zilikuja nayo matumboni zikiwa hazina shehena na kuyamwaga hapa. Yamekaa ovyo, kila moja na kichwa chake, na yakilowa huteleza kama sabuni. Sasa mmeielewa ile habari ya raba. Mwenye magoti mabovu au mjamzito atumie lifti iliyo kando ya City Hall, lile jengo la kuba la dhahabu ambalo huwezi kulikosa.

Mkifika chini, vukeni barabara ya mawe mara moja na mshike njia ya watembea kwa miguu iliyo kando ya maji, kwa kuwa hiyo imesakafiwa vizuri. Kisha fanyeni mambo matatu.

Kwanza, msubirini meli. Gati kubwa la makontena la Savannah liko juu zaidi ya mji, Garden City, kwa hiyo kila meli ya makontena inayoingia kutoka baharini hupita mbele ya River Street na chini ya daraja la Talmadge. Ukiwa umekulia Mombasa au Dar es Salaam unadhani umeshaziona meli, lakini mto huu ni mwembamba. Mara ya mwisho tulikuwa tumekaa kwenye benchi, na kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa kivuli: majengo ya ng'ambo yalianza kufunikwa moja baada ya jingine na ukuta wa bluu, kimya, bila mngurumo wa kutosha kwa ukubwa ule. Makontena yalipangwa juu hata ukalazimika kuinua kidevu. Baharia mmoja alikuwa ameegemea chuma cha nyuma akivuta sigara, karibu kiasi cha kuiona rangi ya ovaroli yake, naye akatupungia mkono. Programu za simu za kufuatilia meli zitawaonyesha iliyo njiani. Ikipita kisiwa cha Tybee, mdomoni mwa mto, mjue bado ina takriban maili 18 za kuwafikia, na mpange matembezi yenu kwa hesabu hiyo.

Pili, pandeni kivuko. Savannah Belles Ferry huvusha watu hadi kisiwa cha Hutchinson na kurudi bila malipo, kama vile mtembea kwa miguu asivyolipa Likoni. Ng'ambo hakuna cha kufanya zaidi ya hoteli na ukumbi wa mikutano, nanyi msishuke kutafuta. Faida ya kivuko ni kuuona mji kutoka majini, jinsi maghala ya zamani yalivyopanda ukingo, kwa namna ambayo miguu haiwezi kuwaonyesha.

Tatu, simameni mbele ya sanamu ya familia ya Kiafrika. Ni ya shaba, ilizinduliwa mwaka 2002: baba, mama na watoto wawili wamevaa nguo za leo na wamekumbatiana, minyororo iliyokatika iko miguuni mwao. Maandishi ya chini ni ya Maya Angelou, na si mepesi. Aliyewahi kusimama Mkunazini, Unguja, mbele ya zile sanamu za watumwa shimoni, ataelewa kwa nini nasema msipige picha za kutabasamu hapa. Someni, nyamazeni kidogo, kisha muendelee.

Mkiwa na dakika 20 za ziada, mwisho wa mashariki wa mtaa kuna sanamu ya Florence Martus, mwanamke aliyezipungia meli kitambaa mchana na taa usiku kuanzia mwaka 1887 hadi 1931. Wapenzi huipenda kwa sababu zilizo wazi.

Dalili ya kufaulu: saa nne na nusu mmekwisha kupanda tena juu, hamjanunua kitu, na bado hamjachoka.

## Hatua ya 6: Kanisani saa tano

Kutoka mtoni hadi Franklin Square ni dakika kumi za mwendo. Fikeni robo saa kabla. Vaeni nguo za heshima, kwani ni nyumba ya ibada yenye waumini wake, na muulize kabla ya kupiga picha ndani. Ziara ikiisha, msikimbilie kutoka. Waongozaji wengi hujibu maswali vizuri zaidi kundi likishatawanyika.

## Hatua ya 7: Chakula cha mchana, na tahadhari ya nguruwe

Saa sita na nusu kila mtu ana njaa na kila mlango una foleni. Mna njia mbili.

Njia ya kawaida ni kutafuta mkahawa mbali kidogo na mto, upande wa Broughton Street au mitaa iliyo nyuma yake, na kuagiza vyakula vya mahali: kamba wa Georgia juu ya grits, wali mwekundu, sukuma wiki. Grits ni mahindi yaliyopikwa hadi yakawa kati ya uji na ugali. Usiyaonje ukiwa umeyatarajia kuwa sima, utayaonea. Wali mwekundu hupikwa kwa nyanya, na mpishi wa pwani ataukubali huku akiuliza viungo vimekwenda wapi. Majani wanayoyaita collards ni sukuma wiki yenyewe, ila huchemshwa hadi kulainika kabisa.

Onyo kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: ulizeni kila kitu, hata mboga. Huku majani, maharage na wali mwekundu hupikwa mara nyingi kwa kipande cha nguruwe kwa ajili ya ladha, na menyu haisemi. Swali la kuuliza si kama kuna nyama, kwa sababu mhudumu atajibu hapana kwa nia njema. Ulizeni kama kuna nguruwe ndani ya sufuria. Walio na shaka waangukie samaki na kamba, na waulize mafuta ya kukaangia pia.

Njia ya pili ni Mrs. Wilkes Dining Room, Jones Street, ambako wageni kumi wasiojuana huketi meza moja na mabakuli hupitishwa mkono kwa mkono, mithili ya sinia la harusi. Hufungua mchana tu, siku za kazi tu, na foleni yake huanza kabla ya mlango kufunguliwa. Mkiitaka, mbadilishe mpango mzima: foleni ichukue nafasi ya kanisa la saa tano, na kanisa lihamie alasiri. Kuvifanya vyote viwili asubuhi moja haiwezekani, nami nimeshawaona waliojaribu.

## Hatua ya 8: Bull Street, kiwanja hadi kiwanja

Anzieni Johnson Square, mbele ya City Hall, na mshuke kusini bila kupinda: Wright, Chippewa, Madison, Monterey, mwisho Forsyth Park. Jumla ni pungufu kidogo ya maili moja, na sehemu kubwa iko chini ya mialoni. Nimeiweka alasiri kwa sababu ndiyo njia yenye kivuli kingi kuliko zote, wakati ambapo kivuli kina thamani kuliko sanamu.

Kanuni ni kukaa. Kila kiwanja kina mabenchi. Kaeni kwenye viwili mtakavyovipenda na muvipite vingine. Wanaoviweka vyote kwenye orodha na kuvipiga alama humaliza bila kukumbuka hata kimoja. Mimi hupenda Madison na Monterey, ambako nyumba zina ngazi za chuma na watu wanaishi ndani, wanatoka na mbwa wao.

Chippewa wengi hupoteza muda wakilitafuta benchi la filamu maarufu ya Forrest Gump iliyopigwa hapo. Halipo. Lilikuwa la kuigizia tu, na lenyewe sasa liko kwenye makumbusho ya mji.

Yale majani ya kijivu yanayoning'inia kama ndevu kwenye mialoni yatawavutia kuyashika. Mtini yako salama, nayo kwa ajabu ni ya ukoo wa nanasi. Yaliyoanguka chini msiyaokote wala msiyavae shingoni kwa ajili ya picha, kwa kuwa utitiri hujificha humo na mtajikuna wiki nzima.

Forsyth Park ina chemchemi nyeupe ya mwaka 1858, na kila mtu anataka picha mbele yake. Msigombanie upande wa kaskazini wanapojazana; izungukeni, upande wa pili hauna watu na chemchemi ni ile ile. Baada ya picha, tandikeni kanga nyasini mlale. Nusu saa ya kulala hapa ndiyo itakayomfanya dereva wenu afike nyumbani.

Dalili ya kufaulu: saa kumi na nusu jioni mko nyasini, na hakuna aliyeuliza saa.

## Hatua ya 9: Msirudi kwa miguu

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa: miguu imechoka, gari liko mbali, na mmoja anasema ni karibu tu. Pandeni basi la mji la bure liitwalo dot, ambalo hupita Forsyth na kurudi katikati ya mji. Angalieni ratiba yake kwenye simu mkiwa bado mmelala nyasini.

Tybee na makaburi ya Bonaventure mtayasikia yakisifiwa, na sifa ni za kweli. Tybee iko maili 18 na Bonaventure ni maili tatu hivi, zote zinahitaji gari, nayo Bonaventure hufunga milango jioni. Kwa siku moja, kuongeza lolote kati ya hayo ni kuliondoa gari mahali pake, na mmesharudi kule kwenye hatua ya 4. Wekeni safari nyingine.

Jioni tumieni kwa jambo moja dogo. Leopold's, Broughton Street, ni duka la aiskrimu lililoanzishwa mwaka 1919, na foleni huenda upesi kuliko inavyoonekana. Au shukeni tena mtoni kulitazama daraja likiwashwa taa.

Onyo: Mtawaona watu wakitembea na pombe mkononi, kwani eneo la kihistoria linaruhusu kikombe cha plastiki kisichozidi aunsi 16. Ruhusa hiyo ni ya barabarani. Dereva wenu ana saa mbili hadi nne za giza mbele yake, na kulungu hukatiza I-16 usiku bila kuangalia kushoto wala kulia.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Ondokeni kufikia saa mbili usiku mkiwa mnaelekea Jacksonville au Charleston, na saa kumi na mbili jioni mkielekea Atlanta, hata kama mnaona mapema. Lipeni tiketi ya maegesho kabla ya kuwasha gari iwapo mashine iko mlangoni, na muitazame ile picha ya namba ya ghorofa. Aliyelala Forsyth ndiye ashike usukani kwanza. Kabla hamjafunga milango, vueni raba mzitupe nyuma kwenye buti. Zile kandambili chini ya kiti kazi yake ndiyo hii.